Alama ya Mzee Barisa

Jumanne, Garsen

Kadi ya chanjo nilishampa, na bado aliniuliza alama iko wapi. Mzee Barisa, mfugaji wa Minjila, nilikuwa nimeshamchanja korona asubuhi, lakini hakutoka zahanati. Alisema ng'ombe akichanjwa hukatwa alama sikioni ili apite kwenye kizuizi cha barabarani. Je, yeye atapitaje?

Nilimjibu kwa ukali kwamba kadi inatosha.

"Sista, ile mwaka barabara ilifungwa kwa korona, dada yangu alizikwa Madogo bila mimi. Sasa nimechanjwa. Hawatafunga tena?"

Hasira ikaniisha. Nilitamani kumwambia hapana, hawatafunga. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Mmoja akichanjwa, barabara haijapona. Tukichanjwa wengi, huenda wasiwe na sababu ya kuifunga. Niliyasema hayo nikiwa na wasiwasi, maana chupa ya chanjo ikifunguliwa haingoji kesho, na jana nilimwaga nusu yake kwa kukosa watu.

Akaondoka bila kuaga. Nilijua nimemkatisha tamaa.

Alasiri alirudi na wake zake wawili, nyuma yao majirani.

"Hawa wametosha?"

Nilimwambia bado. Lakini nashukuru, Mungu wangu. Leo sikumwaga hata tone.