Bunduki ya Mkwe

Kakuma, 11 Januari 1997

Baba mpendwa,

Ejok! Usinicheke, hapa kila mtu ananisalimu hivyo. Habari ya mguu? Joto la Lodwar halijakumaliza? Sisi wazima, ila mvua imetukataa. Dukani wateja ni wakimbizi tu. Jana mmoja wao, Achol, aliniombea dua kwa Kidinka. Sijui aliomba nini, lakini niliitikia amina.

Baba, mume wangu Ewoi ameandikwa homgadi, mlinzi wa kijiji anayepewa bunduki ya serikali. Mifugo imehamia karibu na mpaka kutafuta majani, na wezi wamejaa huko. Ameambiwa achague bunduki: Mark 4, ile ya zamani ya mbao, unakoki kila risasi, au G3 ya jeshi. Yeye anataka ya mbao. Vijana wanamcheka eti anataka fimbo ya babu. Wewe ulikuwa fundi wa silaha jeshini. Unasemaje?

Mwanao,
Sally

Lodwar, 20 Januari 1997

Binti yangu Sally,

Nakusalimu pamoja na mkwe wangu. Mguu unauma, nimeuzoea kama jirani mgomvi. Joto? Usiniulize.

Hiyo ya mbao aiache. Lo! Mtu apewe chakula cha leo aombe kiporo? Jeshi halichagui kwa kubahatisha. Wataalamu walikaa, wakapima, wakajaribu, wakasema G3. Naijua skrubu kwa skrubu. Jeshi zima liikubali, mchunga mbuzi mmoja aikatae? Wezi wanamwaga risasi, yeye akoki moja moja? Sitaki uwe mjane ukiwa kijana.

Babako,
Opondo

Kakuma, 2 Februari 1997

Baba,

Pole na mguu. Mimi mzima, ila usingizi haba.

Nilimsomea Ewoi barua yako. Alisema tu, "Mzee amesema." Basi. Unajua kwao mtu hampingi baba wa mke wake. Kwa hiyo nasema mimi, mdomo huu nimezaliwa nao.

Jeshi ni watu wengi, baba. Lina lori, maji, mafuta ya kusafishia, na fundi kama wewe anayengoja kambini. Ewoi ni mtu mmoja na mbuzi wake kwenye mchanga. Risasi anazopewa zinajaa kiganja tu. G3 ikinguruma mara moja zimekwisha. Ya mbao alifundishwa na babake, na akilenga halengi mara mbili. Halafu kuna neno aliloniambia mimi peke yangu: ya mbao hakuna anayeitamani, lakini G3 ng'ambo ya mpaka inabadilishwa kwa ng'ombe. "Hiyo ya jeshi hainilindi," alisema. "Mimi ndiye nitakayeilinda."

Tafadhali andika kwamba umekubali. Akisikia hivyo kwako, atachukua anayoitaka.

Mwanao,
Sally

Lodwar, 9 Februari 1997

Sally,

Salamu. Nilikasirika, sasa nimepoa. Umerithi mdomo wa marehemu mama yako. Mguu leo una nafuu, ndiyo maana niliweza kutembea mpaka kwa afisa mmoja tuliyekuwa naye jeshini. Ewoi ameandikiwa G3, mpya, ina grisi bado. Usinishukuru.

Na mwambie mkwe wangu hivi: mwanamume akikataa silaha nzuri kwa kuwa wengine wanaitamani, basi asioe mke mzuri!

Babako,
Opondo

Kakuma, 6 Machi 1997

Baba,

Leo sina salamu.

Ewoi ameuawa Jumatatu. Alikuwa akinywesha mbuzi kwenye kisima cha mtoni, wezi wakampiga risasi kutoka nyuma. Nduguye alipofika aliwakuta mbuzi wote wamesimama pale, wanangoja maji. Hawakuchukua hata mmoja. Walichukua bunduki na risasi zake, wakaenda.

Tumemzika juzi. Maafisa wamekuja mara mbili kuniuliza bunduki iko wapi. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Barua yako ya mwisho ilimchekesha, lile neno la mke mzuri. Alicheka kweli, baba. Nikamwambia, kesho nenda ukaikatae. Akasema, "Nitamkataaje mtu aliyenipa wewe?" Akaenda akaichukua kwa heshima yako, si kwa kuitaka.

Ninakulaumu. Nimejaribu kutokulaumu tangu Jumatatu na nimeshindwa. Nilikuandikia kila kitu, ukasoma, ukaona ni woga wa mchunga mbuzi.

Lakini mama hayupo, na watu wa Ewoi wananililia kwa lugha ninayoielewa nusu. Panda lori la kwanza linalokuja huku. Ukifika nitakugombeza mpaka sauti iniishe. Usijitetee, usinieleze habari za jeshi. Kaa tu karibu yangu.

Mwanao,
Sally