Vifuko Nyuma ya Omena

Barking, London

Na lile uliloniuliza kwenye simu Jumapili, Mama, kama binti yako Lydia anakula vizuri, nilikujibu kwamba anakula, kisha nikakata simu mapema nikisingizia chaji. Najua simu yako huwa kwenye spika na nyumba nzima inasikia. Leo nakujibu kwa barua ambayo rafiki yetu Collins atakuletea akija Kapsabet. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Magoti yanaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyesusa majani, amerudi kula? Mbusu Kibet kwa niaba yetu, kwenye lile shavu lenye kishimo. Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Ninaandika Kiswahili kwa sababu Kinandi changu, mimi msichana wa Bungoma, bado ni cha kuomba chumvi tu, ingawa mwanao hunifundisha na kunicheka.

Mama, nisamehe kukuandikia haya kuhusu mtoto uliyemzaa mwenyewe, lakini Linus ananipendeza mno. Akirudi kutoka zamu hospitalini huweka viatu vyangu kwenye chuma cha kupasha joto, ili nikienda kazini nisikanyage baridi. Kuna wakati namtazama akimenya viazi nikasahau nilichoingia jikoni kutafuta. Uliniwekea mume mwema, na kila nikimtazama nakushukuru. Labda ni furaha hiyo iliyonifanya niilinde fleti yetu ndogo kama askari wa benki.

Lydia alipokuja, klabu yake ikitaka awe karibu na kocha ili arudishe mwili wa kukimbia baada ya kujifungua, nilimpokea kwa mikono miwili. Mwanawe Kibet akabaki kwako, na sote tukakubali agizo lako kwamba Lydia asisikilizishwe mtoto kwenye simu hadi mbio anazojiandalia zipite, maana sauti ya mtoto ingemlegeza miguu. Mimi pia niliona ni busara.

Baada ya muda nikaanza kuona mambo. Akirudi mazoezini alijifungia chumbani kwa komeo, na ndani kikasikika kimashine kikivuma, kikinyamaza, kikivuma tena. Nikibisha, alijibu kwamba anajinyosha. Fulana zake alizifua mwenyewe kabla sijazigusa. Mezani Linus alimtania kwamba siku hizi anakimbia kama karani wa chifu anayewahi chai, naye akacheka, lakini macho yalikuwa mbali na chakula kilibaki pembeni ya sahani.

Kisha siku moja nikitafuta omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kwenye friza, nikakuta nyuma yake vifuko vidogo vya plastiki, bapa, vina kitu cheupe cha kuelekea manjano, kimeganda. Vilikuwa vingi, vimepangwa kwa uangalifu. Mama, unajua habari tunazosoma za wakimbiaji wetu kufungiwa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Mkono uliniganda pale kuliko omena.

Nilipomgusia Linus, alisema dada yake ni mtu wa siri tangu utotoni, niachane naye mpaka mbio zipite. Jibu hilo halikunituliza. Nikaanza kumchunguza na yeye, mume wangu huyu wa viatu vya moto, nikijiuliza anajua nini. Nilinusa chupa za maji za Lydia. Nilihesabu dakika za kile kimashine. Nilimtabasamia asubuhi na kumpekulia mkoba mchana, nisione kitu, na kutoona kitu kukanitia shaka zaidi.

Wiki iliyopita, alfajiri, wapimaji wa dawa wakabisha hodi. Wao huja bila taarifa. Lydia alikuwa amejifungia na mashine yake. Nikawakaribisha sebuleni, nikawaambia anakuja, kisha nikaingia jikoni nikafungulia maji ya moto. Nilipasua vile vifuko vyote juu ya sinki, nikiomba Mungu viyeyuke upesi. Niliamini ninaokoa jina la nyumba yako.

Lydia alitoka, akawasalimu kama majirani, akawapa mkojo na damu, akatia sahihi. Hakuwa na hofu hata kidogo. Walipoondoka akaja jikoni na kifuko kimoja, bado kina uvuguvugu, akafungua friza. Akaitazama, akatazama sinki, akatazama mikono yangu. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni akakikumbatia kile kifuko, na hapo ndipo nilipoisikia ile harufu ya mtoto mchanga iliyojaa jikoni, nikaelewa.

Yalikuwa maziwa yake, Mama. Yote aliyokuwa akimkamulia Kibet tangu afike. Aliniambia anajua hayawezi kufika Kapsabet, ila kifua chake hakijui mtoto yuko wapi, na kumwaga hakuweza. Nikamwaga mimi.

Nilikaa naye pale chini. Akaniambia na lile ambalo hajamwambia mtu. Kwamba tangu ajifungue kuna giza lililomwingia, na hapa limezidi. Kwamba akikimbia kando ya barabara ya malori, siku nyingine hutamani lori moja likosee njia. Nilimshika mkono, sikumwachia mpaka Linus alipotoka kazini, na siku ileile tukampeleka kwa daktari. Daktari alisema huu ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi, na unatibika. Ameanza dawa, zile ambazo wapimaji hawazikatazi, na hatumwachi peke yake. Daktari akasema pia kwamba Lydia amkumbatie mtoto wake mapema iwezekanavyo.

Kocha alilalamika kwamba mbio zimekaribia. Linus wangu akamjibu kwamba kama lazima mtu akimbie siku hiyo, avae viatu mwenyewe. Nilimpenda upya.

Sikulaumu, Mama. Ulimtakia ushindi. Sasa tunamleta nyumbani, lakini usingoje tufike. Jioni ukimpakata Kibet tupigie, na uweke kwenye spika. Safari hii nataka nyumba nzima isikie.

Lydia anaogopa kitu kimoja tu, kurudi bila medali. Ananiambia kwenu mshindi hupokelewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando, na asiyeshinda hupita kimyakimya na begi lake. Mimi ni mgeni katika desturi zenu, kwa hiyo nivumilie nikiomba kwa ujinga: njoo Eldoret na kibuyu. Mpe Lydia mtoto wake kwanza, halafu kibuyu. Habari za mbio usimuulize.

Kile kifuko cha alfajiri ile bado kiko kwenye friza, peke yake. Hakuna anayekigusa.

Wasalimie wote, na Linus anakukumbatia. Tiketi tumekata, sisi watatu, na mwezi huu hautaisha kabla hujatuona.

Binti yako uliyeletewa na Linus,
Emma