Kiongozi Mwongo wa Njia ya Mikumi

Jumanne, Mikumi.

Leo nimeponea chupuchupu. Huyu mtafiti aliyeniajiri nimwongoze anafuata njia aliyopita mwandishi mmoja maarufu wa zamani, nami nilijigamba naijua hata nikifumba macho. Siijui. Toka Kilosa namwonyesha vichuguu tu, nasema hapa alilala, pale alikunywa uji.

Jioni akafungua kitabu cha huyo mwandishi. Nikajua basi, kesho ananirudisha nyumbani.

"Babu, sikiliza. Anasema huku walipewa kiongozi mwongo sana. Akawapoteza siku nzima, ila aliwachekesha mpaka wakasahau njaa." Akanitazama. "Si wa ukoo wenu huyu?"

"Ndiye babu yangu, mzaa baba."

Akacheka mpaka machozi. "Basi kesho tupoteze tena, Babu."

Sasa nawaza, huenda hilo moja ni kweli.