Ruhusa ya Mjomba

Jumanne usiku.

Mama Zuhura yu hai, ingawa si kwa juhudi zetu.

Daktari mtafiti anajaribu dawa mpya ya pumu ndani ya gari la wagonjwa, nami nilipanda ili niandike habari. Sharti ni ndugu akubali kwanza. Tulimchukua mama huyo Mtoni akihema kwa tabu, mdogo wake akagoma: "Bila mjomba, mie sisemi kitu."

Gari likaenda Keko, king'ora kikilia, hadi kwa mjomba aliyekuwa akipiga randa kitanda.

"Shikamoo, mzee," daktari akaanza. "Utafiti huu una faida..."

Mama Zuhura akanyanyua kichwa. "Jamani, mbona mie hamniulizi?"

"Wewe mgonjwa, mama," daktari akamjibu.

"Basi nipelekeni hospitali. Utafiti mfanyieni mjomba."

Tukampeleka, akatibiwa, akapumua. Daktari analalamika kwamba hakutoa ushirikiano.