Zuhura Hakupiga Ramli

Mwanangu Zuhura,

Mdogo wako Asha amefaulu, kapangiwa sayansi, shule ya bweni. Shangazi yako hataki. Kasema mbele ya watu, "Yule wa kwanza nyota zimemla, na huyu mnampeleka?" Wote wakanitazama. Nikainamisha kichwa. Tena.

Siku ile wazee wa posa walipokuja hapa Gungu, waliniuliza unasoma nini chuo. Nikasema, "Anasoma nyota." Mshenga akakohoa. "Anapiga ramli, mzee?" Mwenzake akadakia, "Mtoto kamwita Zuhura, jina la nyota, alitegemea nini?" Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema mambo ya wasomi siyajui.

Nilikuwa nayajua, mwanangu. Jana yake tu uliniita jikoni, ukadondosha mawese kwenye beseni la maji ya moto. Ukasema galaksi, lile kundi kubwa la nyota, iko hivi, katikati mwanga umejaa, ukienda nje unapungua taratibu, halafu kuna galaksi nyingine, ukifika mahali fulani mwanga unapungua kwa kasi. Nikasema, "Basi ndiyo mwisho wake." Ukacheka. "Haujaisha, baba. Ni hafifu tu, ndiyo maana watu wanadhani hakuna kitu." Ukasema nyota za huko pembeni nyingi ni za zamani, huenda hazikuzaliwa huko, zilisogezwa kutoka ndani kidogo kidogo. Nilikuelewa. Ila kuwaeleza wazee wale habari ya mawese na beseni... niliogopa kuchekwa.

Posa ikafa. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Ukaniambia, "Baba, ulijua." Basi. Ukarudi chuo, likizo hukuja tena, mpaka tukaja kupokea jeneza. Homa ndiyo iliyokuua, najua. Lakini aliyekusogeza nje ni mimi.

Jana nimekwenda Ujiji, pale wanapokunywa kahawa. Nikawaambia, Zuhura hakupiga ramli, alikuwa anapima mwanga. Wakaangua kicheko. "Mzee Hamisi naye kawa mnajimu! Haya nisomee nyota yangu, nitapata mke wa pili?" Sikukaa. Nikaeleza, vibaya, nikachanganya mambo. Ndipo mmoja akauliza bila kucheka, "Sasa mwanga usioonekana mnaupimaje?"

Swali hilo ndilo linaloniumiza tangu jana. Wa kumuuliza ni wewe, na nilikuwa na muda wote ule wa kukuuliza.

Jumatatu nampeleka Asha shuleni mimi mwenyewe. Shangazi yako kaapa hatakanyaga kwangu. Asikanyage.

Sikuombi unisamehe, mama. Sijui hata kama inafaa kuomba kwa barua. Mungu akulaze pema. Swali la yule bwana nimempa Asha, kasema akipata jibu atanieleza akija likizo. Nakuahidi nitakaa nimsikilize mpaka mwisho, na mgeni atakayeingia atanikuta namsikiliza.

Baba yako