Chakula Nilichomnyima Mjomba

Chamazi, Dar es Salaam

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeitumia mwenyewe, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Mie mwili mzima, nakula, nalala. Kinachonisumbua ni huu uso wangu, sina pa kuuweka.

Ningepiga simu, lakini ya kwako unaiweka sauti ya juu mpaka kuku wanasikia. Haya yasome peke yako kwanza.

Najua Mjomba karudi huko ananisifia. Dada Zuhura kaniambia, eti Mjomba kasema, "Rashidi anachora chakula mpaka mtu unasikia njaa," na wewe umezunguka na maneno hayo mtaa mzima. Mama, acha kuzunguka. Mjomba amenisitiri. Njaa aliisikia kweli, na mie ndiye niliyemwacha nayo.

Kazi yangu unaijua. Wenzangu huku wanachora tembo na twiga wa kuwauzia wageni. Mie nilianza na vibao vya mabucha na magenge, nikaja nikavipenda vitu vyenyewe: nyanya, dagaa kwenye ungo, sufuria na masizi yake, vilevile vilivyo. Walinicheka! "Nani atanunua picha ya nyanya wakati nyanya zenyewe ziko gengeni?" Wa kwanza kutocheka alikuwa Mjomba. Nilipoacha ualimu na wazee wakataka kuniwekea kikao, yeye ndiye aliyesimama akasema niachwe.

Sasa mama mmoja wa Goba akaniagiza picha ya chakula cha kwetu kusini, aitundike pale familia yake inapokulia. Nikafurahi kupita kiasi. Nikasonga ugali wa muhogo, nikakaanga samaki, nikapika kisamvu, nikatandika mkeka na bakuli la maji ya kunawa pembeni. Samaki nikampaka mafuta ang'ae. Inzi walipoanza kunisumbua, nikapuliza dawa ya mbu juu ya chakula chote. Ndiyo, Mama, chakula. Simu nikazima, maana nikichora sitaki kelele. Ujumbe wako kwamba Mjomba yuko njiani nilikuja kuuona mambo yameshaharibika.

Mjomba akapiga hodi mchana, vumbi tupu, kiroba chako cha korosho begani. Basi lilimharibikia njiani, hakuwa ametia kitu mdomoni tangu atoke huko. Nikamwamkia, nikamwambia, "Karibu Mjomba, kaa, namalizia hapa," macho yangu kwenye brashi. Akauona mkeka. Uso wote ukachangamka.

"Kumbe mama yako alikwambia nakuja!"

Akavua viatu, akakaa, akanawa, akasema bismillahi.

Mama, nilimrukia. Nilimdaka mkono, mkono wa Mjomba, nikapiga kelele, "Acha! Unaniharibia!"

Ningependa kukwambia nilihofia ile dawa. Wallahi dawa niliikumbuka baadaye. Nilichohofia ni picha, asije akamega tonge ugali ukapoteza umbo.

Akabaki na mikono inachuruzika maji. Nikababaika, nikamweleza kwamba ni cha kuchora, kina dawa, ngoja nikimbie kwa mama ntilie nimletee kingine. Akamwangalia samaki, akaangalia picha yake kwenye turubai.

"Umempatia," akasema. "Hata jicho." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Usihangaike, mpwa wangu. Nimeshiba."

Akavaa viatu, akasema atalala kwa binamu yake Mbagala. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Mlangoni tu, Mama! Jua lilikuwa linahama, nikaona nitaukosa mng'ao. Nikarudi nikammalizia samaki.

Yule mama wa Goba anasema kila anayeingia kwake anaisifu picha. Mie nikipongezwa natamani ardhi ipasuke. Nimeona aibu nyingi katika kazi hii, za kudharauliwa, lakini hii ya kusifiwa sijawahi kuionja. Nikimpigia Mjomba anapokea, anacheka, ananiuliza kazi inakwendaje, hataji lolote. Bora angenitukana nikajua moja.

Nakuja, Mama, nikishamaliza kibao kimoja nilichokwisha kuahidi. Nitapika mie, msinisaidie hata kuchochea kuni. Nitamwagia Mjomba maji ya kunawa, nitamega tonge la kwanza nile mbele yake kama desturi yetu, aone ni salama, ndipo nimsogezee sahani. Akisema ameshiba, usimbembeleze. Ana haki.

Msalimie Dada na shemeji yangu fundi baiskeli, mwambie namdai bao tatu na hajanisahaulisha. Msalimie Bibi, ugoro wake naununua huku huku. Jirani zetu wote wape salamu, ila sifa zangu zipunguze.

Mjomba usimpe salamu zangu. Mtu niliyemshika mkono asile, siwezi kumsalimia kwa karatasi.

Mwanao, mwenye haya,
Rashidi