Panya Niliyempa Jina Lako

Bungoma,
Jumapili, 8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa bintiyo. Mimi mzima, ila usingizi umenikataa. Kichwa chako je, bado kinagonga asubuhi? Na ng'ombe wa Mama amezaa? Naandika kwa sababu kwenye simu utanitania hadi nisahau nilichotaka kusema.

Kazi yangu hapa chuoni unaijua: kuwalaza panya kwa dawa na kuwaingiza kwenye mashine ya sumaku, inayopiga picha za ubongo bila kupasua. Nusu yao wamewekewa uvimbe kichwani kama wako na wanapewa dawa ya majaribio. Wengine ni wazima. Wote ni weupe pe, kwa hivyo tunawachora mistari ya wino mkiani. Daktari Walubengo, mkubwa wetu, alikataza majina, ati utaanza kupendelea. Mimi kimyakimya nikamwita mgonjwa mmoja Gathogo, jina lako, maana alikuwa mbishi wa kula.

Mwezi jana picha ya Gathogo ilionyesha kichwa safi. Nilikupigia simu nikilia kwa furaha. Ukasema kama panya amepona, upasuaji uliopangiwa Eldoret ni wa nini, utangoja dawa yetu ya chuoni.

Kisha mambo yakanichanganya. Panya mzima, ambaye hakuwekewa chochote, akaonekana na uvimbe mkubwa. Daktari alikagua mashine mara tatu. Akaniuliza kama nimekosea, nikasema hapana. Sikuelewa, Baba. Nilijiuliza kama uvimbe unaambukiza, au ni mimi nimerukwa na akili. Juzi panya huyo akafa.

Ndipo nikakumbuka siku niliyoosha vizimba, kabla ya picha zile. Nilimtia Gathogo na huyo mzima kwenye ndoo moja, na wino ukafutika. Nilipaswa kumwambia Daktari awaondoe kwenye utafiti. Badala yake nilichora upya kwa kukisia. Nilimtazama aliyenenepa nikasema huyu ndiye Gathogo. Nilitaka awe yeye.

Baba, dawa haijaponya yeyote. Aliyekufa ndiye niliyempa jina lako. Kesho namweleza Daktari, anifukuze akitaka. Wewe nenda Eldoret wiki hii, nakusihi.

Wasalimie Mama na mdogo wangu Nyaguthii. Mungu awalinde nyote hapo Kitale. Usinipigie kuniambia umenisamehe. Nipigie ukiwa umelazwa.

Bintiyo mwenye hofu,
Waithera